Upande wa Gundi

Nilitumwa albamu tu, si kitu kingine.

"Nenda kabla hajafunga," mjomba aliniambia, kana kwamba Bi Muhuri bado alikuwa na ofisi ya kufunga. Alisema kwa shida. Kila neno alilivuta kutoka chini ya ulimi, likatoka limekwaruzika. "Ile ya kijani. Uzihesabu... huko huko."

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, siku ya Jumanne. Naandika saa kwa sababu niliitazama. Mimi ni mtu wa kutazama saa. Nimesomea ukutubi, kazi yangu ni kupanga kadi za vitabu kwenye maktaba ya chuo, na kila nikitoka nyumbani hurudi mlangoni mara mbili kuhakikisha nimefunga. Mjomba ananiita Karani. Mama mdogo ananiita majina mengine.

"Na ukifika usianze kumsahihisha mama wa watu," mama mdogo alisema bila kuinua kichwa kwenye cherehani. Yeye ni fundi nguo, na sebule yetu ndiyo karakana yake. Aliupitisha uzi mdomoni, akaulowesha, akaubana kwa midomo, ukaingia kwenye tundu la sindano kwa mara moja. "Chukua hilo daftari la picha, rudi. Mtu mzima anaumwa, badala ya kuomba supu anaomba stempu!"

Mjomba alitaka kucheka. Mdomo ulifunguka, lakini ulimi ulibaki umeganda kwenye kaakaa, kisha ukaachia kwa mlio mdogo.

Tak.

Kama bahasha inayobanduliwa.

Ilikuwa wiki ya tatu sasa. Mjomba alikuwa mwalimu wa jiografia hadi alipostaafu, mwenye sauti ya kufika dawati la mwisho bila kupanda. Asubuhi moja aliamka mdomo umekauka. Tulidhani ni homa. Akanywa maji, jagi baada ya jagi, lakini maji yalipita juu ya ulimi wake kama yanavyopita juu ya kioo. Ulimi ukapasuka. Chakula kikawa hakishuki. Daktari alimpima kila kitu cha kupimika, akasema tezi za mate zimelala na hajui kwa nini. Kama hadi Ijumaa hatameza, atawekewa mpira wa kulishia puani. Mjomba ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Nilikuwa nikiusikia huo mpira puani mwangu mimi.

Na yeye aliomba albamu.

Ilikuwa na stempu za nchi zilizotawaliwa na Wafaransa, nyingi zikiwa na majina ambayo leo hayamo kwenye ramani. Dahome. Ubangi-Shari. Sudan ya Kifaransa. Volta ya Juu. Nilijifunza kusoma juu ya magoti yake, kwa majina hayo. Kulikuwa na mtu anayepanda mchikichi, na kulikuwa na chui wa Kongo ya Kati, amejilaza nyikani anakutazama, na juu ya tumbo lake limechapwa jina la nchi nyingine, kama mtu aliyebadilishwa ukoo bila kuulizwa. Nilipokuwa chuoni, likizo moja nzima niliziorodhesha zote. Mia tatu themanini na sita.

Mjomba hazibandiki stempu kwa gundi. Anatumia vijikaratasi vyembamba anavyoviita bawaba, kwa sababu vinakunjwa kama bawaba ya mlango: nusu inashika mgongo wa stempu, nusu inashika ukurasa. Vina gundi kavu upande mmoja. Unavilamba.

Mia tatu themanini na sita. Kimoja kimoja, kwa miaka arobaini, kwa ulimi wake.

"Kama mbuzi aliyeingia ofisini," mama mdogo husema.

Bi Muhuri aliikopa albamu ili ailinganishe na ya kwake, wiki nne zilizopita. Wiki moja baadaye mjomba akaamka mdomo mkavu. Hizo tarehe mbili niliziona mapema, nikazipanga pamoja kichwani, nikanyamaza. Msomi hasemi mambo kama hayo mezani.

*

Bi Muhuri alifanya kazi ya kaunta ya posta miaka thelathini na moja, akipiga mihuri. Jina lake halisi sijawahi kulisikia. Tawi lilipofungwa, aliinunua ile kaunta ya mbao pamoja na wavu wake wa chuma, akaisimamisha sebuleni kwake. Ukienda kumtembelea, unakaa upande wa wateja. Yeye anakaa upande wa pili.

"Shikamoo, bibi."

Alinyanyua bilauri ndogo, ndogo kama ya kunywea dawa, akanywa funda moja. Akaliweka mdomoni kwanza. Akameza.

"Marahaba, binti."

Kisha akakohoa. Mara mbili, fupi, ya pili chini kuliko ya kwanza.

Mjomba ndivyo anavyokohoa kabla ya kuanza somo.

Nilijiambia wazee wote wanakohoa.

Chumba kilikuwa na harufu. Karatasi iliyoloa, gundi ya zamani, na chini yake kitu kingine nilichokijua na sikutaka kukitaja... harufu ya mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi. Nyuma yake kulikuwa na pazia la kijivu. Juu ya kaunta kulikuwa na mizani ya barua, muhuri wa tarehe, na kisahani cha kioo chenye sponji ya kulowesha gundi.

"Nimefuata albamu ya mwalimu."

"Najua." Akaipitisha chini ya wavu. Alikuwa ameiweka tayari. "Hesabu. Wewe ni mtu wa kuhesabu."

Nilihesabu. Nilitoa orodha yangu, nikapitisha kalamu mstari kwa mstari, yeye akinitazama bila kupepesa. Chui alikuwapo. Mpanda mchikichi alikuwapo. Zote zilikuwapo, hakuna iliyochanika wala iliyobadilishwa. Lakini kila nilipofunua ukurasa, kitu kilinikwaruza machoni. Nilitazama tena. Sikukiona. Unajua ukiingia chumbani kwako mtu amesogeza kiti inchi moja? Basi, hivyo hivyo.

"Sawasawa?" aliuliza.

"Sawasawa."

"Basi tuandikiane. Kazi ya posta haina mdomo." Akanisukumia karatasi na bahasha. "Andika: nimepokea albamu moja, stempu kadhaa, hali nzuri. Tia sahihi. Weka ndani. Funga."

Niliandika idadi kamili, si kadhaa. Nikakunja karatasi, nikaitia, nikaipeleka bahasha kwenye sponji.

Sponji ilikuwa kavu. Ngumu kama ganda la mkate wa juzi.

"Imekauka," alisema taratibu. "Na mdomo wangu mimi ni wa kizee. Funga tu, binti. Una haraka."

Ni kweli nilikuwa na haraka. Mjomba alikuwa akisubiri. Nikailamba bahasha kutoka kona hadi kona, kwa uangalifu, kama ninavyofanya kila kitu, nikaibonyeza kwa kidole gumba. Gundi ilikuwa na utamu kidogo. Bi Muhuri hakuwa akitazama bahasha. Alikuwa akitazama ulimi wangu.

Akaichukua kwa kibano.

*

Mjomba aliifungua albamu kitandani. Alifunua ukurasa mmoja, wa pili. Kwenye wa tatu mkono wake ulisimama.

Alinyoosha kidole, akakipitisha juu ya mstari wa stempu. Kisha akanitazama. Macho yake yaliuliza, unaona?

Hapo ndipo nilipoona.

Zilikuwa zimenyooka.

Mjomba hutumia mkono wa kushoto. Maisha yake yote stempu zake zimelala upande, kidogo tu, kama wanafunzi wanaosinzia. Orodha yangu haikuwa na safu ya mlalo. Niliandika rangi, thamani, mwaka, hesabu ya meno ya pembeni... mlalo sikuuandika. Nani angeuandika?

Alichukua kibano, akamwinua chui. Nyuma yake kulikuwa na bawaba mpya, nyeupe pee. Akainua nyingine, kisha nyingine tena. Zote mpya. Akavuta karatasi, akaandika kwa herufi kubwa zinazotetemeka:

BAWABA ZANGU ZIKO WAPI?

Cherehani ilinyamaza sebuleni. Mama mdogo alisimama mlangoni na futi shingoni, akasoma juu ya bega langu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Kazibandua zote. Kaziloweka. Halafu kazirudisha zote, hakuchukua hata moja?"

"Hata moja."

"Kachukua vile vikaratasi tu. Vilivyolambwa."

"Ndiyo."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mama mdogo ni mtu wa kucheka misibani, lakini sasa alikuwa akiongea chini chini. "Kucha ningeelewa. Nywele ningeelewa. Mate ya mtu mzee, mtu anayataka ya nini?"

Mjomba alikuwa anajaribu kumeza.

Tak.

*

Kesho yake nilirudi, saa ile ile. Sikumuaga mjomba. Nilimwacha kitandani uso ukutani, hana hata mkwaruzo wa sauti. Hilo nalisisitiza. Nilimwacha nyumbani.

Mlango wa Bi Muhuri ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Sikubisha, kwa sababu ndani kulikuwa na mtu anaongea.

"...Dahome. Mji mkuu wa Dahome ni upi? Wewe wa nyuma. Simama. Nani amekwambia ukae?"

Nilishika fremu ya mlango.

"Mkono chini. Nimemuuliza yeye."

Sauti ya mjomba. Si inayofanana na yake. Ile ile, na kicheko kile anachokimeza mwishoni.

Kikohozi, mara mbili. Ya pili chini kuliko ya kwanza.

Niliingia. Upande wa wateja hapakuwa na mtu. Upande wa pili kiti kilikuwa kitupu. Sauti ilitoka nyuma ya pazia la kijivu, na sasa nilisikia kwamba haikuwa peke yake. Chini yake kulikuwa na nyingine nyingi, nyembamba, zikinong'ona kwa pamoja kama watu waliobanana kwenye foleni. Baadhi kwa Kifaransa. Baadhi kwa lugha nisizozijua. Moja ilikuwa ya mtoto, ikirudia neno moja tu.

Nilizunguka kaunta. Nikavuta pazia.

Rafu, kutoka sakafuni hadi darini. Juu yake chupa za jamu, moja baada ya nyingine, zimejaa maji ya rangi ya chai ya jana. Kila moja imefunikwa kitambaa na kufungwa kwa kamba ya posta. Kila moja ina lebo, kwa mwandiko wa kaunta, safi, ulionyooka. *Gabon, bahasha ya bluu, mwanamke. Kongo ya Kati, mwanamume, anakohoa. Ubangi-Shari, watu wawili, hawasikilizani.*

Vitambaa vilikuwa vinatetemeka. Kidogo... kama ngozi ya koo la mtu anayeongea.

Kwenye rafu iliyo usawa wa macho yangu: *Mwalimu. Mkono wa kushoto.*

Ndani yake zilielea bawaba, mamia, za manjano, kama magamba ya samaki.

"Hizo ni barua zilizokosa wenyewe."

Alikuwa nyuma yangu. Sikusikia hatua. Bilauri ilikuwa mkononi mwake.

"Nchi zinabadilishwa majina," alisema. "Watu wanahama. Barua inakuja, mwenyewe hayupo, anwani ya kuirudishia haipo. Sheria ilikuwa tuzichome. Nilizichoma." Alikunywa funda. "Stempu nilizibandua kwanza."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na mtu akiniandikia. Kutoka nchi hizo, kila mwaka nchi nyingine. Miaka tisa. Sauti yake sijawahi kuisikia hata siku moja." Alitazama rafu. "Barua zake zilipotea kwenye kuhama. Nazitafuta stempu zake. Namtafuta mmoja tu. Hawa wengine wanakuja na maji."

Sijui kama ni kweli. Aliisema kama mtu anayesoma tangazo la ukutani. Nilitafuta huzuni usoni mwake, nikakuta ananikagua, kama mimi nilivyokuwa nikimkagua.

"Mjomba wangu hajawahi kukuandikia," nilisema. Sauti yangu ilikuwa inapanda, sikuweza kuishusha. "Bawaba zake kazilamba mwenyewe, nyumbani kwetu. Ulijua si yeye! Umemwandikia lebo!"

"Nilijua."

"Anakufa."

"Ana sauti nzuri." Alisema hivyo kwa upole kabisa. "Nyumba hii ni kimya sana, binti."

Nilinyoosha mkono kuichukua ile chupa. Nilitegemea atanizuia. Nilikuwa tayari kugombana, mimi ambaye sijawahi kugombana hata na karani wa benki.

"Chukua," alisema.

Nilisimama.

"Chukua. Anywe yote, na vikaratasi vyake. Sasa siihitaji tena."

Chupa ilikuwa na uvuguvugu. Ilikuwa ikitetemeka mikononi mwangu kama kitu kinachopumua. Ilipotoka mahali pake, niliona iliyokuwa nyuma yake: chupa tupu, iliyooshwa, inang'aa, ina lebo tayari. Lebo imegeuzwa ukutani.

Nilitoka mbio. Nikipita kwenye kaunta niliona kisahani cha kioo. Sponji ilikuwa imeloa, mpya, inadondosha maji.

Niliona vyote viwili. Sikuvipanga pamoja.

*

"Mimi namwaga," mama mdogo alisema.

Chupa ilikuwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya chaki na vifungo. Ilikuwa inasema kitu kuhusu mito ya Afrika ya Kati, polepole, kama mtu anayesinzia.

"Ukimwaga, je, kama ndiyo yenyewe?"

"Na akinywa, je, kama ni sumu? Huyo mama kakupa kirahisi. Mtu akikupa kirahisi kitu alichokiiba, wewe mwenyewe msomi hujiulizi?"

Nilijiuliza. Nilijiuliza njia nzima. Nilinusa, nikaipima kwa macho, nikatafuta povu, nikafikiria kuipeleka maabara ya chuo. Kesho ilikuwa Alhamisi, na Ijumaa ilikuwa siku ya mpira wa puani.

Hatukumsikia mjomba akitoka chumbani. Alifika ameshikilia ukuta, mifupa mitupu ndani ya pajama, akatutazama mimi na dada yake kama wanafunzi tuliochelewa. Akaichukua chupa. Akaifungua kamba kwa mkono wa kushoto.

"Kaka, usi..."

Alikunywa. Maji yote, na bawaba zote. Alizitafuna za mwisho. Sauti kwenye chupa ilikatika katikati ya jina la mto.

Akaiweka chupa mezani.

Tak.

Kisha kwenye pembe ya mdomo wake kikatoka kitu kinachong'aa, kikateremka kidevuni. Mate. Alikifuta kwa mkono, akautazama mkono wake. Akakohoa mara mbili.

"Wewe," alimwambia mama mdogo, "hiyo cherehani yako inapiga kelele wiki tatu. Nilikuwa nashindwa tu kukwambia."

Mama mdogo alimpiga kwa futi, akilia. Tulicheka mpaka nikakaa chini. Usiku ule mjomba alikula supu bakuli mbili, akalalamika chumvi.

*

Alhamisi nilikuwa mzima. Ijumaa daktari alimchungulia mjomba kooni, akaandika neno refu asiloliamini. Jumamosi asubuhi niliamka, nikataka kumwambia mama mdogo habari za asubuhi.

Tak.

Nilikunywa maji. Yalipita juu ya ulimi kama yanavyopita juu ya kioo.

Sikuwaambia. Nilisema nina mafua, baadaye nikaandika hivyo tu kwenye karatasi. Jumapili kutwa nilikaa chumbani nikipanga mambo kichwani mwangu, kama kadi. Sponji iliyokuwa kavu Jumanne. Sponji iliyokuwa imeloa Jumatano. Kibano kilichoshika bahasha yangu. *Sasa siihitaji tena.* Na ile chupa iliyong'aa, ambayo lebo yake imegeuzwa ukutani.

Mimi ninayegeuza kila kitu. Ile sikuigeuza.

Jumatatu jioni nilikwenda. Alikuwa amekaa nyuma ya wavu, mikono juu ya kaunta. Nilimpitishia karatasi: NIRUDISHIE.

Aliisoma. Aliisoma tena, akatoa kalamu, akaweka nukta mwishoni, mahali nilipoisahau. Akanyanyua ile bilauri ndogo. Maji yalikuwa meupe, mapya. Akaliweka funda mdomoni kwanza. Akameza.

"Dirisha limefungwa," alisema. "Ni saa kumi na mbili kasoro dakika nne."

Kwa sauti yangu.

Sauti yangu ninapokuwa na wasiwasi, inayomalizia kila neno mpaka herufi ya mwisho. Nilitazama saa ya mkononi. Ilikuwa kasoro dakika nne.

Nyuma ya pazia, mimi nilikuwa nahesabu. "Mia tatu themanini na nne... mia tatu themanini na tano... mia tatu themanini na sita." Nikapumua. Nikaanza upya. "Moja..."

Bi Muhuri alisukuma kitu chini ya wavu. Bahasha mpya. Tupu, mdomo wazi, gundi inang'aa.

"Si lazima iwe barua," alisema kwa sauti yangu. "Chochote kilichopita mdomoni mwa mtu mwingine kinatosha."

*

Ndiyo maana naandika badala ya kusimulia.

Leo ni Jumatano. Asubuhi sikuweza kumeza uji. Mjomba hajui habari ya bahasha niliyoilamba; anadhani nimeshika ugonjwa wake, amekaa kando ya kitanda changu na albamu, ananisomea majina ya nchi kwa sauti ya kufika dawati la mwisho. Anazibandika upya moja moja, zimelala upande. Anazilowesha kwa brashi sasa. Nilimwandikia asilambe tena, akacheka, akasema, "Sawa, Karani."

Mama mdogo hakuulizwa, na hakuambiwa. Ananishonea gauni la kunichangamsha. Mchana alikuwa anashona miguuni pangu, anaimba, ana sauti nzuri, sikuwahi kuitambua hivyo. Aliulowesha uzi mdomoni, akashona pindo, akaukata kwa meno, akautema pembeni. Kipande cheusi, urefu wa kidole gumba. Naandika urefu kwa sababu niliupima.

"Unatafuta nini huko chini?" aliniuliza.

Nilitikisa kichwa.

Kimo ndani ya bahasha, na bahasha imo ndani ya kitabu, chini ya mto wangu. Nimeitoa mara tatu nikitaka kuitupa, na mara tatu nimerudi kuhakikisha bado ipo. Haijafungwa. Kuifunga siwezi, mdomo wangu hauna kitu.

Lakini jikoni kuna sponji, na imeloa. Nimeikagua.